UZI: Wanawake waliochapa, waliodarizi na waliochoma vioo vya mwamko wa Ayalandi. Njooni tuwataje kwa majina

mama_kalamu (mwanzisha uzi)

Wanajamvi, salaam.

Kila unapozungumzwa mwamko wa utamaduni wa Ayalandi, ule wa kuanzia mwishoni mwa karne ya 19 hadi miaka ya 1920, tunatajiwa watu walewale: W. B. Yeats na mashairi yake, Synge na tamthilia zake, Douglas Hyde na kampeni ya lugha ya Kiayalandi. Lady Gregory hutajwa kwa pembeni. Mimi nimekuwa nikifuatilia upande wa mikono wa mwamko huo, na kadiri ninavyosoma ndivyo uchungu unavyonizidi. Kuanzia 1903, matoleo ya kwanza ya vitabu vingi vya huyo Yeats yalichapwa na dada yake wa damu, kwa mashine ya kuvuta kwa mkono, akisaidiwa na wasichana wa kijiji cha jirani. Bendera za makanisani, mazulia, madirisha ya vioo vya rangi, kimia (lesi) kilichovaliwa na malkia: wanawake, wanawake, wanawake. Taifa lile lilikuwa linajitafutia sura, na sehemu kubwa ya sura hiyo ilitoka kwenye sindano, vitanda vya kufumia na tanuri zao.

Nianze na Dun Emer.

Mwaka 1902 mama mmoja aitwaye Evelyn Gleeson alichukua nyumba Dundrum, wakati huo kijiji nje ya Dublin. Alizaliwa Uingereza mwaka 1855, baba yake daktari wa Kiayalandi. Alikuwa amesomea uchoraji wa mazulia London na alikuwa mpigania haki ya wanawake kupiga kura. Rafiki yake Augustine Henry, yule mtaalamu wa mimea aliyefanya kazi China miaka mingi, alimsaidia pauni 500 za kuanzia. Gleeson akawaita ndugu wawili wa kike wa ukoo wa Yeats waje washirikiane naye.

Mkubwa ni Susan, aliyeitwa Lily. Huyu alikuwa mdarizi aliyeiva. Mwaka 1888 aliingia kazini Hammersmith, kwenye nyumba ya William Morris, yule Mwingereza mbunifu wa mapambo, chini ya binti wa mwenye nyumba, May Morris, na akadumu miaka kama sita. Mdogo ni Elizabeth, wakimwita Lolly, mwalimu wa chekechea aliyekuwa tayari ametoa vitabu vya kufundisha watoto kuchora kwa brashi.

Nyumba wakaipa jina la Emer, mke wa shujaa Cú Chulainn katika masimulizi ya kale, mwanamke aliyesifika kwa ufundi wa sindano. Gleeson akashika ufumaji na mazulia, Lily kudarizi, Lolly uchapaji. Na Lolly hakuwa mchapaji! Alikwenda London akasoma kozi fupi kwenye chama cha wanawake wachapaji, akapata ushauri wa Emery Walker, mtu aliyewahi kumshauri Morris mwenyewe, akarudi na kuanza. Mashine ilikuwa Albion iliyokwisha kutumika kwingine. Herufi ni Caslon. Karatasi zilitoka kiwanda cha Saggart, hapohapo kaunti ya Dublin, zilizotengenezwa kwa matambara ya kitani bila dawa ya kuzing'arisha.

Katika waraka wao wa mwaka 1903 walieleza kwamba chanzo cha yote kilikuwa hamu ya kuwapatia mikono ya Kiayalandi kazi ya kutengeneza vitu vizuri. Wakasema kila kitu, kadiri inavyowezekana, kitoke nchini: karatasi ya vitabu, kitani cha kudariziwa, sufu ya mazulia. Na wakaongeza kwamba elimu ya wasichana wafanyakazi ni sehemu ya mpango. Kweli wasichana wale walifundishwa kuchora na lugha ya Kiayalandi pamoja na kazi. Kufikia 1905 walikuwa wapatao 30.

Ninaendelea. Mwenye swali aulize.

Mzee wa Herufi

Mama_kalamu, umenigusa pabaya. Mimi nimekula ujana wangu wote kwenye kiwanda cha chapa, kabla kompyuta hazijaja. Vijana humu wakisikia "alichapa kitabu" wanadhani ni kubonyeza tu. Niwaeleze kidogo.

Herufi za risasi zimelala kwenye kasha lenye vyumba vidogovidogo, kila herufi chumba chake. Unaokota moja moja, unazipanga kwenye kibati ulichoshika mkono wa kushoto, kichwa chini miguu juu, unasoma kinyume. Mstari ukijaa unaukaza kwa vipande vya kujazia nafasi. Ukurasa ukitimia unaufunga kwa kamba, kisha kwenye fremu ya chuma unaubana kwa kabari hadi hata ukiuinua hakuna herufi inayodondoka. Hapo bado hujachapa hata karatasi moja. Kwa mashine ya mkono kama hiyo Albion, mmoja anapaka wino kwa rola, mwingine anatandika karatasi iliyolowekwa kidogo ili ishike wino, anasukuma kitanda ndani, anavuta mtaimbo. Mvuto mmoja, karatasi moja, upande mmoja. Halafu upande wa pili, na lazima mistari ikutane mgongo kwa mgongo. Ukimaliza unarudisha kila herufi chumbani kwake, maana usipofanya hivyo huna za kupangia kurasa zinazofuata.

Sasa nambie, walichapa nakala ngapi?

mama_kalamu

Shikamoo mzee. Asante sana kwa somo hilo, maana vitabu vingi vya historia vinaruka hapo.

Kitabu chao cha kwanza ni mashairi ya kaka yao, In the Seven Woods, nakala 325. Ukurasa wa mwisho una maelezo yaliyochapwa kwa wino mwekundu, na nayajua kwa moyo: kwamba kitabu kimechapwa kwenye karatasi iliyotengenezwa Ayalandi, na Elizabeth Corbet Yeats, katika Dun Emer Press, ndani ya nyumba ya Evelyn Gleeson, Dundrum, kikamalizika tarehe 16 Julai, katika mwaka wa upepo mkubwa, 1903. Dhoruba kali ilikuwa imepita Ayalandi mwanzoni mwa mwaka ule.

Ona jinsi Lolly alivyoandika. Ametaja karatasi, ametaja nyumba, ametaja mwenye nyumba, ametaja hata upepo. Waliokuwa wakipaka wino na kuvuta mtaimbo hawamo. Hawa nao walikuwa na majina. Wa mwanzo kabisa waliofundishwa kazi hiyo ni Esther Ryan na Beatrice Cassidy.

Na jueni malipo ya heshima waliyopata ndugu hawa kwa wenzao wa fasihi. James Joyce, katika Ulysses ya mwaka 1922, anamtia mhusika wake mdomoni maneno ya kudhihaki vitabu vya Dundrum, maandishi mistari mitano na maelezo kurasa kumi, vilivyochapwa na dada wachawi katika mwaka wa upepo mkubwa. Wale wachawi watatu wa Macbeth ya Shakespeare, mnawajua. Wasomaji wengi duniani wamekutana na Lily na Lolly kwa mara ya kwanza na ya mwisho kwenye kejeli hiyo. Mimi hainichekeshi.

mzee wa Herufi

Marahaba mwanangu. 325 kwa mkono, na wasichana waliokuwa ndio kwanza wanajifunza. Nimevua kofia.

kijana_wa_Ilala

Mkuu mama_kalamu, uzi mtamu, ila ngoja niwe upande wa pili kidogo. Hao akina Yeats ni familia kubwa, kaka mshairi maarufu, kaka mwingine mchoraji maarufu. Bila jina la W. B. nani angenunua hivyo vitabu? Nimesoma pia kwamba ndiye aliyekuwa mhariri na ndiye aliyelipa madeni yao. Wamesahaulika vipi?

mama_kalamu

Hoja yako ina uzito, kijana wangu. W. B. alikuwa mhariri, alichagua kazi nyingi zilizochapwa, jina lake liliuza, na aliwalipia madeni kwa fedha zake mwenyewe mara kwa mara. Hayo ni haki yake na nayasema waziwazi.

Sasa tazama upande wa Lolly. Mashine ni yake, wafanyakazi analipa yeye, hasara ni yake, lakini uamuzi wa nini kichapwe ulikuwa wa kaka. Mwaka 1906 alikubali mashairi ya rafiki yao George Russell, yule aliyejiita AE, bila kumsubiri kaka. W. B. akawaka, akatishia kujiondoa, zikaandikwa barua za maneno makali hadi baba yao mzazi akaingilia kumkemea mwanawe. Mwaka 1913 Lolly alichapa mashairi ya Edward Dowden, na ikabidi msomaji aarifiwe kwamba kitabu hicho hakimo katika mfululizo uliopangwa na W. B. Yeats. Mwenye kiwanda anachapa kitabu kiwandani kwake, halafu kinatolewa talaka hadharani.

Huku nyuma, mwaka 1904 kazi za Dundrum ziligawanywa pande mbili, Gleeson na zake, ndugu wa Yeats na zao, na mwaka 1908 wakaachana moja kwa moja. Lily na Lolly wakahamia Churchtown na kuanzisha kiwanda chao wenyewe, Cuala. Jina la Dun Emer likabaki kwa Gleeson. Sitaingia sana kwenye ugomvi wao. Fedha zilikuwa chache na tabia hazikupatana, basi.

Kilichofuata ndicho cha kutazamwa. Dun Emer ilikuwa imetoa vitabu 11. Cuala ikatoa zaidi ya 60, hadi 1946. Kile chenye shairi la W. B. kuhusu maasi ya Pasaka ya 1916, Michael Robartes and the Dancer, kilichapwa na mikono ileile. Na kati ya 1908 na 1915 walitoa kila mwezi karatasi ya mashairi na nyimbo yenye picha za Jack, kaka yao mchoraji. Miezi 84 mfululizo, nakala 300 kila toleo, na picha zile zilitiwa rangi kwa brashi moja moja, zikipakwa na wasichana. Jack anajulikana dunia nzima. Anayeshika karatasi ile leo anashika rangi iliyopakwa na msichana wa Dundrum au Churchtown.

Lolly alifariki Januari 1940, W. B. alikuwa ametangulia mwaka mmoja kabla. Mke wa W. B., George, akaendesha mashine zile na wachapaji wakongwe wakiwa bado wapo. Mwaka 1942 wakachapa The Great Hunger ya Patrick Kavanagh, nakala 250, moja ya tungo kubwa za Ayalandi ya karne ile.

Kwa hiyo kusahaulika ninakosema mimi kuna ngazi. Dada wa Yeats wapo kivulini mwa kaka yao. Gleeson, aliyetoa nyumba, wazo na fedha, yupo kivulini mwa dada wa Yeats. Wasichana wapo kivulini mwa wote.

Zaituni_K

Dada mama_kalamu, niruhusu nichangie kuhusu kimia, maana mimi ni mtu wa kroshia na huko ndiko nilikoanza kuijua Ayalandi.

Kimia cha Ayalandi kilianza kabla ya mwamko mnaouongelea. Njaa kuu ya miaka ya 1840, viazi vilipooza, ndiyo iliyowasukuma wanawake wengi huko. Mji wa Clones, mwaka 1847, Cassandra Hand, mke wa kasisi wa pale, alileta mwalimu wa kufundisha kroshia ili familia zipate chakula. Ufundi wake ulikuwa hivi: mwanamke mmoja anatengeneza mawaridi tu, mwingine majani tu, mwingine vichala vya zabibu. Kila nyumba ina umbo lake na inalificha majirani wasiige. Kisha fundi mwingine anavikusanya vipande vyote na kuviunganisha kwa nyavu yenye vifundo vidogovidogo. Vile vifundo hadi leo vinaitwa kwa jina la Clones. Fundi wa kroshia akiviona anavijua papo hapo.

Youghal, kaunti ya Cork, ni sindano tupu, hakuna kulabu. Mtawa mmoja wa pale, Mama Mary Ann Smith, alichukua kipande cha kimia cha Kiitaliano akakifumua uzi kwa uzi mpaka akajua kilivyoshonwa. Shule ikafunguliwa 1852. Mkia wa gauni wa Malkia Mary, ule wa sherehe za Delhi mwaka 1911, ulishonwa huko. Jina la malkia tunalo, la mtawa tunalo. Walioinamia kile kitambaa hadi macho yakauma, nani kawaandika?

Hilo la mwisho linaniuma kama fundi. Kazi nzuri ya sindano ni ile isiyoonyesha uliposhika, na wateja wanadhani basi hukushika.

mama_kalamu

Zaituni, umeongea kitu ambacho mimi nisingeweza kukisema hivyo. Asante.

Nyongeza moja tu. Mwamko ulipofika, shule na watawa hao ndio waliokuwa tayari na mafundi. Alice Hart alikuwa ameanza mfuko wake wa kazi za mikono Donegal mwaka 1883, Lady Aberdeen akaanzisha jumuiya ya viwanda vya Ayalandi mwaka 1886 na kupeleka kazi hizo maonyesho ya Chicago mwaka 1893. Hao walikuwa mabibi wakubwa wenye vyeo, na walifanya jema. Lakini mtindo wa kuhifadhi jina la mfadhili na kuacha la fundi ulianzia hapo, na Dun Emer haikuuvunja kabisa.

Sasa Loughrea. Kanisa kuu la Mtakatifu Brendan, kaunti ya Galway, ndilo mahali pa kuona mwamko huu ukiwa umekusanyika chini ya paa moja. Lily na wasichana wake walidarizi bendera kama 24 za watakatifu wa Ayalandi, hariri na sufu juu ya kitani. Michoro mingi ilitoka kwa Jack Yeats na mkewe Cottie. Nawaomba mtafute picha zake. Mistari mizito kama ya picha za kuchonga, rangi bapa, hakuna mapambo ya kupoteza. Mtakatifu Brendan yupo na chombo chake baharini. Mchoraji huchora mstari kwa dakika, mdarizi anaufuata kwa siku, na ndiye anayeamua uzi ulale upande upi ili bahari ionekane inakwenda. Kuiita kazi hiyo ya Jack Yeats peke yake, kama vitabu vya watalii vinavyofanya, ni dhuluma.

Na kwenye kanisa la Honan, Cork, lililofunguliwa 1916, nguo za altare na zulia zilitoka kwa Gleeson na mafundi wake wa Dun Emer. Watu huenda pale kuangalia madirisha ya vioo vya rangi ya msanii Harry Clarke. Watazame na chini.

msafiri_wa_Dublin

Nipo Dublin miaka sasa, na nimefurahi kukuta uzi huu kwa Kiswahili. Mmetaja Harry Clarke lakini bado hamjafika kwa Sarah Purser?

mama_kalamu

Nilikuwa njiani! Karibu sana msafiri.

Sarah Purser, alizaliwa 1848, mchoraji wa picha za watu aliyejua kutafuta fedha na kuzitunza. Januari 1903 alifungua An Túr Gloine, mnara wa kioo, Upper Pembroke Street. Wakati ule makanisa ya Ayalandi yalikuwa yakiagiza madirisha Uingereza na Ujerumani kutoka kwenye makampuni ambako mmoja huchora, mwingine hukata, mwingine hupaka, na hakuna anayejua dirisha zima. Purser akaweka kanuni: msanii mmoja anashika dirisha lake tangu mchoro wa kwanza hadi linaposimama ukutani. Achague kioo mwenyewe, akate, apake, achome tanurini, asimamie kuunganishwa kwa risasi.

Wanawake walijaa pale: Catherine O'Brien, Ethel Rhind, Beatrice Elvery, baadaye Evie Hone. Na Wilhelmina Geddes. Huyu naomba nikae naye.

Geddes alizaliwa 1887, akakulia Belfast. Vioo vyake havibembelezi. Watu wake wana mabega mapana, macho makali, rangi nzito za damu na bahari kuu. Mwaka 1919 dirisha lake liliwekwa kanisa la St Bartholomew, Ottawa, Kanada, kumbukumbu ya maofisa wa gavana mkuu waliokufa vitani, na walioliona walitambua kwamba hapa kuna bwana wa kazi hii. Alihamia London akafanya kazi kwa afya mbovu na mfuko mtupu. Mwaka 1938 likawekwa dirisha lake kubwa la duara katika kanisa la Mtakatifu Martin, Ypres, Ubelgiji, kumbukumbu ya Mfalme Albert. Alifariki 1955. Kwa macho yangu yeye ni mkubwa kuliko Clarke. Najua nitapingwa, na nipo tayari kubishana hadi asubuhi.

Evie Hone alifariki mwaka huohuo. Aliugua polio utotoni na alitembea kwa shida maisha yake yote. Dirisha lake la mashariki pale kanisa la shule ya Eton, Uingereza, lililowekwa 1952, ni jitu la kioo. Lingine, la mikoa minne ya Ayalandi, alilifanya kwa maonyesho ya New York ya 1939, na sasa lipo kwenye jengo la serikali Dublin.

msafiri_wa_Dublin

Nimeliona hilo la jengo la serikali. Lipo mbele yako ukiingia, juu ya ngazi, huwezi kulikwepa. Lolly na Lily wamezikwa uwanja wa kanisa la St Nahi, Dundrum. Duka kubwa la kisasa lipo karibu na watu wanapita na mifuko yao.

Swali: hao wasichana wenyewe, mbali na majina mawili uliyotaja, kuna tunachokijua?

mama_kalamu

Tunajua kiasi, na hapo ndipo moyo wangu ulipo.

Máire Nic Shiubhlaigh alikuwa mdarizi wa Dun Emer mchana, jioni mwigizaji wa jukwaani. Alikuwa miongoni mwa waigizaji wa mwanzo wa Abbey, kile chumba cha maonyesho cha Yeats na Lady Gregory. Wiki ya Pasaka 1916 aliongoza wanawake wa Cumann na mBan, jumuiya ya wanawake wapigania uhuru, ndani ya kiwanda cha biskuti cha Jacob kilichoshikwa na waasi. Mtu mmoja huyo!

Eileen Colum, dada wa mshairi Padraic Colum, alifanya kazi Cuala. Kaka yumo kwenye kila mkusanyiko wa mashairi ya shuleni.

Na Máire Gill, waliyemwita Mollie, mchapaji. Mwaka 1923, wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe, alikamatwa kwa kuwa upande wa waliopinga mkataba na Uingereza, akafungwa Kilmainham. Alikuwa mchezaji wa kamogi, mpira wa magongo wa wanawake, na mwaka huohuo akawa rais wa chama cha mchezo huo nchi nzima. Akakaa kwenye kiti hicho hadi 1941. Mwaka 1932 ndiye aliyekuwa nahodha wa Dublin iliyotwaa ubingwa wa kwanza wa taifa. Alipoachiwa gerezani alirudi kwenye kasha la herufi. Alifariki 1977.

Sasa fikiria: W. B. Yeats mwaka ule wa 1923 ni seneta wa serikali iliyomfunga mchapaji wa vitabu vyake, na mwaka huohuo anapata Nobeli. Mashine za Cuala zilikuwa zimehamia kwa muda nyumbani kwake, Merrion Square. Walipishana kwenye ngazi zilezile.

Mzee wa Herufi

Huyo Mollie ndiye wangu. Kuna picha yoyote ya kiwanda chao?

mama_kalamu

Ipo mzee, picha ya mwaka 1903 hivi. Lolly amesimama kwenye Albion, msichana mmoja anapaka wino, mwingine ameinamia kurasa za kusahihisha. Itafute kwa jina la Dun Emer Press, haijifichi. Makaratasi ya Cuala yamehifadhiwa maktaba ya Trinity College, Dublin, na wameweka picha nyingi zilizochapwa pale kwenye tovuti yao. Anza na zile za kutia rangi kwa mkono. Ukiona rangi imevuka mstari kidogo, uje utuambie ni ipi.